Watu 27 wasioonekana: historia fupi ya nishati katika ofisi za serikali Lushoto

Ukipanda basi Mombo kwenda Lushoto, kilomita 33 hivi za kona juu ya kona, kuna mahali abiria wanaanza kufunga madirisha mmoja mmoja bila kuambiwa. Mara nyingi ni karibu na Soni. Aliyevua koti Mombo analivaa tena. Hiyo ni fizikia ya kawaida: kila ukipanda mita 1,000, joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6 au 7 hivi. Lushoto mjini iko kwenye mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo Tanga wakitoka jasho, Lushoto wako chini yao kwa nyuzi karibu 9.

Niliikumbuka hesabu hiyo siku moja nikiwa kwenye foleni ya ofisi fulani ya umma huko milimani, nafuatilia kibali cha utafiti. Sitaitaja ofisi yenyewe, na wala haina upekee wowote, maana zinazofanana nayo zimejaa nchi nzima. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali nje. Ndani mapazia mazito yamefungwa ili mwanga usiakisi kwenye kompyuta, na taa zote zinawaka. Nilikaa pale zaidi ya saa mbili, na mtu akikaa hivyo huanza kuhesabu vitu. Nikahesabu taa ndefu za tyubu, zile za zamani. Zilikuwa 50.

Nikamuuliza mama mhudumu aliyekuwa anapiga deki, "Shikamoo mama. Hizi taa za korido mbona hazizimwi mchana?"

"Marahaba mwanangu," akanijibu. "Swichi iko moja. Ukizima hapa, umezima mpaka kwa mhasibu."

Jibu hilo nimetembea nalo mpaka leo. Makala hii inajaribu kueleza swichi hiyo moja ilitoka wapi.

Kwanza tuihesabu nguvu kwa misuli

Umeme haushikiki wala hauna uzito, ndiyo maana ni rahisi kuupoteza. Basi tutafute kipimo ambacho mwili unakielewa.

Mtu mzima mwenye afya, akifanya kazi ya misuli kutwa nzima, anatoa nguvu ya wati 75 hivi. Akifanya hivyo kwa saa 8, amezalisha wati-saa 600, yaani uniti 0.6 kwa lugha ya LUKU. Chukua mtu mmoja, mpe baiskeli ya kuzalisha umeme, mchoshe kutoka asubuhi hadi jioni: hajafikisha hata uniti moja.

Sasa turudi kwenye foleni yangu. Taa moja ya tyubu ya zamani, pamoja na kifaa chake cha kuiwasha, inakula wati 40 hivi. Taa 50 ni wati 2,000. Kwa saa 8 za kazi ni uniti 16. Gawanya 16 kwa 0.6 unapata 26.7. Kila siku ya kazi, korido ile na vyumba vyake vinahitaji jasho la watu 27 wanaochoka kutwa nzima ili taa ziwake wakati jua liko nje ya dirisha. Hatuwaoni tu.

Milima hii ina historia ya kipindi ambacho watu hao walionekana.

Wakati nguvu ya serikali ilikuwa na majina

Lushoto ya Wajerumani iliitwa Wilhelmsthal, yaani Bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao Wilhelm wa Pili. Waliipenda kwa sababu ile ile inayokufanya ufunge dirisha la basi: baridi. Kwa Mzungu aliyeogopa joto na homa za pwani, hapa palikuwa pa kupumzikia, na baadaye pakawa makao ya wilaya yenye boma, nyumba za maofisa, na mashamba ya walowezi kuzunguka.

Umeme haukuwepo. Hata Dar es Salaam umeme wa kwanza wa umma uliwashwa mwaka 1908. Reli kutoka Tanga, iliyoanza kujengwa 1893, ilifika Mombo mwaka 1905, na ikabaki huko chini. Kila kilichotakiwa kupanda mlimani, kuanzia saruji na mabati hadi meza ya afisa, kilihitaji nguvu ya kukipandisha, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo ilikuwa mabega ya watu.

Mabega hayo yalipatikanaje? Mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmsthal ilianzisha mfumo wa kadi za kazi. Wenyeji waliziita kadi za namna hii kipande. Kila mwanamume alitakiwa kufanya kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa, na siku zake zikawekewa alama kwenye kadi. Asiyezikamilisha alichukuliwa kwa nguvu kwenda kwenye kazi za serikali, kama vile barabara.

Ukiitazama kwa jicho la nishati, kadi ile ilikuwa mita. Ilipima kazi, siku kwa siku. Lakini ilikuwa mita iliyofungwa upande usiofaa: ilimpima anayetoa nguvu, haikumpima anayeitumia. Afisa bomani hakuwa na kadi ya kumwambia ametumia watu wangapi mwezi huu. Na mtu asiyeiona gharama hana sababu ya kubana matumizi.

Kuni nazo zilikwenda hivyo hivyo. Tembea Lushoto leo utaona nyumba za zamani zenye mabomba ya moshi juu ya paa, kwa ajili ya sehemu za kuotea moto. Misitu ya kulisha moto huo ilikuwa karibu. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ilitoa sheria ya kuhifadhi misitu, na maeneo makubwa ya Usambara yakawekewa mipaka. Msambaa aliyezoea kukata mti wa kujengea akajikuta mvamizi msituni kwake, na moto wa afisa ukaendelea kuwaka.

Lakini majengo yao yalijua jambo

Hapa nataka tuwe waadilifu. Mfumo ulikuwa wa dhuluma, ila waliosanifu majengo walikuwa na tatizo ambalo sisi tumelisahau: hawakuwa na swichi ya kurekebisha makosa ya mchoraji. Chumba kikiwa na giza, karani haoni cha kuandika.

Ndiyo maana majengo ya serikali ya enzi ile yana tabia zinazofanana. Kuta ni nene, za mawe. Jiwe hupata joto polepole na kulitoa polepole. Linalivuta mchana na kulirudisha jioni baridi inapoingia. Madirisha ni marefu kwenda juu, kwa sababu mwanga unaoingia karibu na dari hufika mbali zaidi ndani ya chumba kuliko unaoingia chini. Vyumba vingi ni vyembamba, havina katikati yenye giza. Baraza hukinga jua na mvua lakini huachia mwanga uliotawanyika.

Ongeza jambo moja la jiografia. Lushoto iko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Jua linapita karibu utosini, kwa hiyo kuta zinazopigwa zaidi na jua la moja kwa moja ni za mashariki asubuhi na za magharibi jioni. Jengo refu linalolala mashariki hadi magharibi, madirisha yake yakitazama kaskazini na kusini, linapata mwanga wa siku nzima bila jua la kuumiza macho. Likigeuzwa likatazama magharibi, saa tisa mchana kila mtu anafunga pazia. Na pazia likifungwa, taa inawashwa.

Umeona sasa? Taa zangu 50 zilianza kuwaka siku jengo lilipochorwa. Michoro mingi ya majengo ya umma huandaliwa mara moja na kutumika sehemu nyingi, kwenye joto na kwenye baridi. Fundi anafuata ramani. Kiwanja kikielekea magharibi, jengo linaelekea magharibi. Swichi moja kwa korido nzima inapunguza waya na kazi siku ya ujenzi, halafu bili inalipwa kwa miaka 40.

Magogo yanayojishusha

Kuna kisa kimoja cha Usambara ambacho kila mwanafunzi wa uhandisi angepaswa kukijua. Juu Shume kulikuwa na msitu wa mtarakwa, mti wa jamii ya mwerezi ambao mbao zake laini zilitafutwa kutengeneza penseli. Kampuni ya Wilkins & Wiese ilikuwa na kiwanda cha mbao huko, mahali walipopaita Neu-Hornow. Reli ilikuwa chini kabisa, Mkumbara, zaidi ya mita 1,000 kwenda chini.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza wakajenga njia ya kamba za chuma angani, karibu kilomita 9, kazi ya kampuni ya Bleichert ya Ujerumani. Kanuni ya njia ya aina hii ni rahisi: mzigo unaoshuka upande mmoja unavuta kile kinachopanda upande wa pili. Tani moja ya mbao ikishuka mita 1,000 inatoa uniti 2.7 za nishati, sawa na kazi ya watu wanne na nusu kutwa nzima. Mlima wenyewe ndio injini. Kinachobaki kuwa kazi ngumu ni breki.

Jiulize: kwa nini akili hiyo ilitumika kwenye mbao na haikutumika kwenye mizigo ya serikali iliyopanda mlima mabegani mwa watu? Mwenye kampuni alilipa mwenyewe kila mzigo ulioshuka, kwa hiyo alitafuta njia ya kupunguza gharama. Boma lilikuwa na watu wa kipande. Sayansi ya kubana nishati ilikuwepo Usambara miaka zaidi ya 100 iliyopita, ila ilitumika pale tu ambapo anayetumia ndiye aliyelipa.

Bili inafika, anayelipa hayupo

Waingereza walichukua Lushoto mwaka 1916. Miaka ya 1930 mto Pangani ukaanza kuzalisha umeme, hasa kwa ajili ya Tanga na mashamba ya mkonge. Mwaka 1964 kikafunguliwa kituo cha Hale, megawati 21, na katikati ya miaka ya 1990 kikafuata Pangani mpya, megawati 68. Vyote viko kwenye mto ambao maji yake mengi hutoka Kilimanjaro na Meru, lakini Usambara nayo inachangia: Mkomazi na Lwengera huyaokota maji ya milima hii na kuyapeleka Pangani. Sehemu ya umeme wetu ni mvua iliyonyesha juu ya misitu ya kwetu.

Serikali za mitaa nazo zilikuwa na safari yake. Zilifutwa mwaka 1972 wakati wa madaraka mikoani, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na kuanza kazi upya 1984. Halmashauri zilizozaliwa upya zikaingia kwenye majengo zisizoyachora na kurithi waya zisizozipanga.

Kwa miaka mingi umeme wa ofisi za umma ulikuwa wa kutumia kwanza na kulipa baadaye, na hiyo "baadaye" ilikuwa ndefu. Mwezi Machi 2017, akiwa Mtwara, hayati Rais John Magufuli aliiagiza TANESCO iwakatie umeme wadaiwa wote, taasisi za serikali zikiwemo, hata ingekuwa Ikulu. Wengi walicheka kisha wakashtuka. Agizo lile lilitufunulia siri iliyokuwa wazi: serikali ilikuwa mmoja wa wateja wasioona mita yao.

LUKU, iliyoanza nchini miaka ya 1990, ilibadilisha kitu fulani kichwani mwetu nyumbani. Uniti zikibaki tano, hata mtoto anazima taa. Ofisini je? Mita ya LUKU inaweza kuwepo, lakini anayenunua uniti ni mhasibu, anayewasha taa ni afisa, na anayejua swichi iko wapi ni mama mhudumu. Watu watatu, na hakuna hata mmoja anayeiona hesabu yote.

Tuifanye basi hapa. Taa 50 za zamani kwa siku 22 za kazi ni uniti 352 kwa mwezi. Ukiweka tyubu za LED za wati 18, ni uniti 158 hivi. Umeokoa uniti karibu 194 kila mwezi. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi, hiyo ni zaidi ya shilingi 670,000 kwa mwaka, kwenye jengo moja tu. Watu 27 wamebaki 12. Fungua mapazia na uzime taa nusu ya siku: wamebaki sita. Kompyuta hazijaguswa, na hakuna aliyekaa gizani.

Jikoni ndiko kwenye moto mkubwa

Ila tukiishia kwenye taa tutakuwa tumejidanganya. Nishati kubwa zaidi ya taasisi za umma milimani haipiti kwenye waya. Inapita chini ya sufuria.

Shule niliyosoma sekondari ilikuwa na utaratibu: Jumamosi kila mwanafunzi anakuja na gogo. Tulikuwa mamia, kwa hiyo magogo yalikuwa mamia. Tuliyatoa wapi, hakuna aliyeuliza. Siku ya maharage moto uliwaka kutoka alfajiri. Mpishi alikuwa anatoka nje kukohoa, anajipangusa macho kwa kanga, anarudi. Nilidhani ndivyo macho ya wapishi yalivyo, mekundu.

Jiko la mafiga matatu hupeleka kwenye chakula sehemu ndogo tu ya joto la kuni, mara nyingi asilimia 10 hadi 15. Nyingine inapasha ukuta, hewa, na uso wa mpishi. Kuna upotevu mwingine ambao watu hawaufikirii. Maji yakishachemka hayapandi joto tena hata ukichochea namna gani. Kuni unazoongeza zinageuka mvuke. Maharage hayahitaji moto mkali, yanahitaji joto lisilotoroka. Yaloweke usiku, yachemshe, funika vizuri, punguza moto. Jiko lililojengewa kuta zinazozuia joto na bomba la moshi linapunguza kuni sana, na sufuria ya umeme ya presha inakwenda mbali zaidi.

Serikali ilitoa katazo: taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Naunga mkono. Lakini Lushoto inakumbuka agizo jingine jema lililokufa, na ni vizuri tulikumbuke pamoja.

Somo la Mlalo

Mwaka 1946 Waingereza walianza mpango wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo. Kisayansi haukuwa upuuzi: miteremko ilikuwa inamomonyoka kweli. Suluhisho lilikuwa matuta, na kuyalima matuta lilikuwa lazima kisheria. Kazi ikawaangukia wakulima, wanawake wakiwa mstari wa mbele, kwenye vishamba vidogo, bila mavuno yanayoonekana kuongezeka. Watu waliogopa pia kwamba ardhi iliyoguswa na serikali ingechukuliwa. Upinzani ukakua miaka ya 1950, na kabla ya uhuru mpango ukaachwa. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyekaa miaka mingi akiwasikiliza wazee wa Usambara, ameonyesha kwamba watu hawa walikuwa na fikra zao kamili kuhusu nani anaiponya nchi na nani anaiharibu. Wasambaa wana maneno yake: kuzifya shi ni kuiponya nchi, na kubana shi ni kuiharibu.

Boma la Wajerumani lilishindwa kubana nguvu kwa sababu aliyetumia hakulipa. Mlalo ulishindwa kwa sababu aliyelipa kwa jasho hakuona faida. Katazo la kuni litakuwa na hatari hiyo hiyo ikiwa mkuu wa shule ataambiwa aache kuni bila fedha ya jiko, na mpishi ataona jiko jipya kama mzigo mwingine ulioshushwa kutoka juu.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo. Akiba ibaki ilikopatikana. Ofisi ikiokoa zile 670,000, zisipotelee kwenye kapu kubwa. Nusu ibandikwe ubaoni kwa tarakimu, inunue swichi za kila chumba mwaka unaofuata. Shule ikipunguza kuni, fedha ya kuni ionekane kwenye sahani, au kwenye mshahara wa mpishi. Na kabla ya kuchora jengo lingine milimani, mtu asimame kiwanjani saa tisa mchana aone jua linatokea upande gani.

Siku niliyopata kibali changu, mama mhudumu alikuwa anafunga ofisi. Akafika kwenye ile swichi moja, akaibonyeza, korido nzima ikazimika. Mwanga wa jioni ukabaki kwenye sakafu iliyopigwa deki. Tuliona vizuri tu. Ukipita ofisi ya umma wiki hii, hesabu taa zinazowaka mchana, zidishe kwa 40, gawanya kwa 75, na ujue ni watu wangapi wamesimama humo bila kuonekana.